Nipeni Meli ya Tai

Mtu anayetafuta safari katika meli ndogo za kifahari, zile zinazobeba abiria 50 au 100, au 300 zikijitanua sana, hudhani swali kubwa ni aende wapi: visiwa vya Ugiriki, pwani ya Norwe, Shelisheli au Antaktika. Muda si mrefu hugundua kwamba bahari ni jambo dogo. Swali lenyewe ni kwamba chakula cha usiku atakila amevaa nini. Meli hizi zimegawanyika kambi mbili. Kuna meli ya tai, yenye usiku wa karamu, koti jeusi, tai ya kipepeo, gauni linalofagia sitaha, na nahodha aliyesimama mlangoni akimpa kila mtu mkono. Na kuna meli ya kandambili, ambayo kipeperushi chake kinaapa kwamba tangu unapanda hadi unashuka hakuna atakayekuuliza habari ya tai. Watu wengi siku hizi huchagua kandambili bila hata kumeza mate, na hoja yao inaingia akilini. Mtu amelipa mamia ya dola kwa siku, pengine zaidi ya elfu moja, ili apumzike. Kuna pumziko gani katika kujikaba shingo kila jua likizama?

Mimi niko upande wa pili, wala si kwa mapenzi ya tai. Tai ni kitambaa kisicho na kazi. Hakifuti jasho, hakizuii baridi, na kikikaribia bakuli la supu hujihudumia chenyewe. Ninachosema ni kwamba kwa mgeni, kwa mtu asiye na hakika na nafsi yake, na hasa kwa yule ambaye nguo na bahati yake haviivi chungu kimoja, meli ya tai ina aibu chache kuliko meli ya kandambili. Sheria ya mavazi ipo katika meli zote mbili. Moja imeiandika ukutani, nyingine imeificha mfukoni mwa abiria wanaoijua tayari, na anayeumia ni yule anayeingia na mifuko mitupu.

Udogo wa meli ndio unaolifanya jambo hili kuwa zito. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake mwaka 2024, inaweza kupakia abiria zaidi ya 7,000. Ndani ya mji huo unaoelea mtu anaweza kukaa wiki nzima na fulana moja ya mpira, akabadilisha mgahawa kila siku, na asionekane mara mbili na jicho lilelile. Akichafuka, kuna maelfu wengine waliochafuka zaidi. Meli ya watu 100 haina pa kujificha. Chumba kikuu cha chakula ni kimoja, baa ni moja au mbili, na ngazi ni ileile ambayo kila mtu lazima aipite. Kufikia usiku wa pili kila abiria anajua kwamba bwana wa chumba cha mwisho ana suruali mbili, na kufikia usiku wa nne wanajua ipi kati ya hizo mbili ndiyo iliyomwagikiwa na mchuzi wa nyanya. Kitufe kikikatika leo, kesho asubuhi mtu usiyemjua atakukabidhi akiwa na tabasamu: alikiokota chini ya kiti. Ukarimu huo ni mzuri, lakini maana yake ni kwamba umekaguliwa.

Sasa tazama sheria ya meli ya kandambili inavyosema. Kwanza haisemi. Kijitabu kitaandika kwamba jioni ni ya mavazi nadhifu yasiyo na makeke, kisha kitarukia habari za bwawa la kuogelea. Ukichimba, au ukibahatika kukutana na mtu aliyekwishasafiri nayo, ndipo mambo yanapojitokeza moja baada ya jingine. Kaptula zinaombwa zisiingie chumba cha chakula jioni. Shati liwe na kola, wala lisiwe na maandishi. Jinzi, inategemea, isiwe na matundu, hata kama matundu yenyewe yamelipiwa dukani. Na zile kandambili zilizotupa jina la meli nzima haziruhusiwi mezani usiku. Anayejua desturi zetu za harusi atalitambua tatizo hili mara moja. Kamati ikichapisha kwenye kadi kwamba rangi ni zambarau na dhahabu, watu watanung'unika, watakopa, watashona, lakini siku ikifika kila mtu atakuwa salama ndani ya zambarau yake. Kamati ikiandika tu kwamba mgeni apendeze, simu hazitalala usiku huo, na ukumbini lazima atokee shangazi mmoja aliyekuja na gauni jeupe refu akamfunika bibi harusi. Amri huudhi mara moja. Uhuru usio na maelezo hukuudhi hadi siku ya mwisho, maana kila jioni unasimama mbele ya kabati ukiwa hakimu na mshtakiwa kwa wakati mmoja.

Mtetezi wa kandambili atajibu kwamba meli zao ziliondoa tai ili kumwondolea binadamu mzigo, na kwamba mimi naona njama pasipo na njama. Basi tumwangalie Mnorwe mmoja, Atle Brynestad. Katika miaka ya 1980 ndiye aliyeanzisha kampuni ya meli ya Seabourn, ambayo meli yake ya kwanza, Seabourn Pride, iliingia kazini mwaka 1988 ikiwa na nafasi ya abiria wapatao 200. Kwa miaka mingi Seabourn ilikuwa ngome ya koti jeusi. Mwaka 2001 bwana huyuhuyu akashika meli mbili ndogo zaidi, zilizoingia baharini mwaka 1984 na 1985 kwa majina ya Sea Goddess I na Sea Goddess II, akazibandika jina jipya la SeaDream, na akatangaza kwamba humo ni mambo ya yoti binafsi. Usiku wa karamu rasmi umefutwa. Meli ni zilezile. Chuma kilekile ambacho enzi za jina la kwanza kilibeba makoti na tai, sasa kinabeba abiria wasiozidi 112 waliofungua kifungo cha juu. Simlaumu Brynestad hata kidogo. Mfanyabiashara mwenye akili huuza mwavuli masika na miwani ya jua kiangazi. Ila ukiona uhuru unauzwa na aliyekuwa akiuza tai, ujue nao ni bidhaa, na bidhaa haikosi masharti nyuma ya pakiti.

Tena katika meli hizo kuna burudani moja mashuhuri inayofaa kuchunguzwa. Meli hutia nanga karibu na ufukwe mzuri, abiria wanaingia majini na nguo zao za kuogelea, na wahudumu nao wanaingia baharini hadi kiunoni, wengine na sare zao, wakigawa shampeni na kaviari zilizopangwa juu ya ubao wa kuteleza mawimbini. Picha zake hupendeza sana. Lakini mtazame vizuri aliyeshika chupa. Sare imelowa, chumvi imeingia kwenye mishono, na uso unatabasamu. Hapo ndipo urasmi ulipokwenda: haukufutwa, ulihamishwa kutoka kwa mgeni ukapelekwa kwa mtumishi. Katika meli ya tai, usiku wa karamu, jambo la kuchekesha hutokea. Mgeni amevaa koti jeusi, shati jeupe na tai ya kipepeo. Mhudumu naye amevaa koti na tai ya kipepeo. Mara kwa mara abiria mwenye heshima zake huombwa na bibi wa meza ya jirani alete chumvi, naye, kama ni mtu mwungwana, huileta. Watu husimulia mkasa huo kama fedheha. Mimi nauona kuwa ndiyo dakika pekee ya usawa katika safari nzima.

Hoja ya usawa ndiyo inayorushwa zaidi dhidi ya meli ya tai: kwamba mavazi rasmi ni ya mabwana, ni majivuno, ni njia ya matajiri kutambuana. Inasikika vizuri mpaka umwone tajiri aliyevaa kikawaida. Koti jeusi lina fadhila moja ambayo haitajwi. Linaficha bei. Chini ya taa hafifu za chumba cha chakula, koti lililoshonwa London kwa maelfu ya pauni na koti lililokodiwa juzi yanafanana vya kutosha, hasa baada ya glasi ya pili. Linaficha tumbo pia, na tumbo katika safari hizi ni jambo la kuongezeka kila siku. Mavazi ya kikawaida hayafichi kitu. Shati la kitani litasema limenunuliwa wapi. Saa ya mkononi itazungumza kwa sauti, kwa kuwa mkono wa shati haupo kuifunika. Hata ndala zina ukoo: kuna za ngozi laini zilizotoka duka la Italia, na kuna zile za mpira zenye kamba ya bluu, na mwenye za kamba ya bluu hahitaji kuambiwa tofauti. Kambi iliyoapa kufuta matabaka imeyashusha tu, kutoka shingoni hadi miguuni.

Na hiyo dhana kwamba koti jeusi lilizaliwa likiwa na kiburi, historia inaicheka. Mwaka 1865 mwana wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, alimwagiza fundi wake wa London, Henry Poole, amshonee koti fupi lisilo na mkia, la kuvaa kwenye chakula cha nyumbani kisicho na makuu huko Sandringham. Mtoto wa malkia alikuwa amechoshwa na koti la mkia. Alitaka kitu cha kustarehe. Miongo miwili baadaye koti hilo likavuka bahari, likapata jina la Tuxedo Park, makazi ya matajiri jimboni New York, na tangu hapo limepanda cheo hadi kuwa lile ambalo watu hulikimbia kwa kuchagua meli ya kandambili. Kwa mwendo huo, wajukuu zetu watalalamika kwamba wamelazimishwa kuvaa kaptula na fulana katika karamu ya nahodha. Wazee wa meli kubwa za abiria nao hawakuwa wakali kama wanavyosimuliwa. Desturi yao ilikuwa kwamba usiku wa kwanza na usiku wa mwisho hakuna kuvaa rasmi, kwa sababu usiku wa kwanza masanduku hayajafunguliwa na usiku wa mwisho yamekwisha kufungwa. Walielewa kuwa abiria ana sanduku, na kwamba sanduku lina matatizo yake. Sheria iliyoandikwa inaweza kuandikiwa msamaha. Sheria isiyoandikwa utaiombea msamaha kwa nani?

Kuna wanaoniambia nitazame meli za uchunguzi, zile ziendazo Antaktika, ambako hakuna tai wala gauni na mambo yanakwenda sawa. Ninazitazama. Tangu Lars-Eric Lindblad alipoanza kuwapeleka watalii huko mwaka 1966, safari hizo zimejenga sifa ya kutojali mavazi, na mchana kweli hakuna anayejali, maana watu wote wamevaa jaketi nene la rangi moja walilopewa na meli. Hilo kwa Kiswahili chetu tunaliita sare. Kisha kabla ya kushuka nchi kavu huanza ukaguzi ambao mwalimu wa zamu wa shule ya bweni angeuonea wivu. Viatu vinasuguliwa kwa brashi na kuchovywa kwenye dawa. Mifuko ya suruali inafyonzwa kwa mashine ya vumbi. Mishono inachunguzwa kama kuna mbegu ya majani iliyojificha, isije ikaota katika bara lisiloijua. Watu wasiozidi 100 ndio wanaoruhusiwa kuwa ufukweni mahali pamoja kwa wakati mmoja. Wenyeji wanaowapokea, pengwini, wamevaa rasmi tangu kuzaliwa, na mgeni haruhusiwi kuwasogelea chini ya mita 5. Hakuna meli ya tai duniani iliyowahi kumfyonza abiria mfukoni. Na abiria hawalalamiki, kwa kuwa wameelezwa wazi nini kinatakiwa na kwa nini. Nashukuru kwa mfano huo, umenisaidia mimi.

Joto ndilo pingamizi ambalo msomaji wa pwani yetu atalishika kwanza, na anayo haki. Kuvaa koti la sufu kati ya Mombasa na Shelisheli mwezi Februari ni kujipika kwa hiari. Lakini kosa hapo ni la sufu. Urasmi wenyewe hauna hatia. Miji ya Waswahili imekuwa na vazi rasmi la joto kwa karne nyingi: kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya viua iliyoshonwa kwa subira, na siku ya makuu joho juu yake. Kanzu inapitisha upepo, haina mkanda, inastahimili kuongezeka kwa tumbo bila kumshtaki mwenyewe, na ikimwagikiwa kahawa hufuliwa ikarudi. Mialiko mingi rasmi duniani hukubali vazi la taifa mahali pa koti jeusi, kwa hiyo Mswahili aliyealikwa kwenye meza ya nahodha ana njia ya heshima ambayo Mwingereza aliyelowa jasho pembeni yake hana. Kabla ya kupanda, aulize tu, asije akakuta meli ina fikra za Bunge la Kenya, ambako Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti ya Kaunda ukumbini, nayo ni nguo yenye kola, mifuko minne na jina la rais. Meli ya kandambili haimpi mwenye kanzu nafasi hiyo. Humo kanzu itatafsiriwa kuwa gauni la kulalia, na atapongezwa kwa kujiachia.

Kuhusu mizigo nitapita haraka, kwa sababu hesabu yake inashangaza kidogo tu. Ndege nyingi hukupa kilo 23, na kabati la chumba cha meli ndogo halizidi mlango mmoja au miwili. Inaonekana dhahiri kwamba asiyebeba koti atabeba kidogo. Sivyo. Abiria wa meli ya tai anajua usiku wa karamu ni wangapi. Anabeba koti moja jeusi, mashati mawili, na safari imekwisha. Abiria wa meli ya kandambili hajui kitu, kwa hiyo anabeba uwezekano. Anabeba shati la iwapo wenzake watavaa vizuri, la iwapo watavaa vibaya, la ufukweni, la baa, na koti jepesi la ikitokea. Sanduku likipotea uwanja wa ndege, na masanduku hupenda kupotea siku ya kupanda meli, wa tai anaweza kuokolewa, kwani baadhi ya meli huweka makoti ya kuazima au kukodi. Hakuna meli inayokodisha ulegevu nadhifu. Zaidi ya hapo, meli kadhaa za kambi ya tai zina chumba cha kufulia cha bure, ambapo saa kumi na moja jioni utawakuta wenye mashamba ya mizabibu na wake wa mabalozi wastaafu wamepanga foleni ya pasi wakiwa na majoho ya kuogea, wakigombana kwa adabu juu ya nani alitangulia.

Nchi kavu nayo haifahamu mkataba wako na meli. Abiria aliyeahidiwa uhuru wa siku kumi anashuka Mji Mkongwe, Unguja, na jambo la kwanza anaombwa afunike mabega na magoti. Anashuka Muscat kuuona msikiti mkubwa wa Sultan Qaboos, na mlangoni wanataka mikono na miguu ifunikwe, na mwanamke afunike nywele. Anafika Roma, na Kanisa la Mtakatifu Petro linamrudisha kwa sababu ya magoti yaleyale ya Unguja. Atanunua kanga au shela kwa bei ya mtu mwenye haraka. Aliyetoka meli ya tai hufika pale akiwa amekwisha kuzoea kwamba mahali pana masharti yake. Hana ugomvi, anajifunika, anaingia.

Nikubali kwamba kuna saa ambazo hoja hii yote haina nafasi. Alfajiri ya tarehe 5 Novemba 2005 Seabourn Spirit, ikitoka Alexandria kuja Mombasa ikiwa na abiria karibu 150, ilishambuliwa na maharamia nje ya pwani ya Somalia. Walikuja na boti ndogo, bunduki na makombora. Mlinzi mmoja alijeruhiwa, meli ikakimbia, na Mombasa ikakosa wageni wake, walipelekwa Shelisheli. Abiria waliotolewa vitandani saa ile hawakuulizwa koti, na sidhani kama kuna aliyesikitika. Nakubali pia kwamba ukiwa kwenye meli ya matanga, kama zile za Star Clippers ambazo abiria huruhusiwa kuvuta kamba na kupanda mlingoti, tai ni hatari ya kweli na mwenye kuivaa anastahili kunaswa nayo. Pale ambapo kazi ya mchana ni kurukia boti ya mpira na kukanyaga maji hadi magotini, chagua kandambili bila aibu. Ninayoizungumzia ni safari ya watu wazima waliokaa, wanaokula, wanaotazama machweo na kujadili nyama imeiva kiasi gani. Hebridean Princess ya Uskoti ilianza maisha mwaka 1964 kama kivuko cha magari na abiria, pantoni hasa, ikafanyiwa ukarabati ikawa meli ya wageni wapatao 50, na mwaka 2006 Malkia Elizabeth II aliikodi kwa mapumziko ya familia. Humo wageni huvaa rasmi usiku wa karamu, Waskoti na sketi zao za kitamaduni, ndani ya chombo kilichokuwa kikivusha malori. Kama pantoni inaweza kujirekebisha kiasi hicho, shati lako nalo linaweza.

Pingamizi moja tu limebaki ambalo sijaweza kuliangusha, nalo ni la wanawake. Yote niliyosema juu ya koti jeusi ni habari ya wanaume. Mwanamume ana sare. Mwanamke amepewa mtihani. Yeye hatarajiwi kuvaa rasmi tu, anatarajiwa kuvaa rasmi tofauti kila usiku, juu ya visigino, kwenye sakafu inayoinama kushoto bila taarifa, akiwa ameshika mkufu wa mkoba kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono mwingine. Ningeweza kujibu kwamba meli ya kandambili inamtendea vibaya zaidi, kwa kuwa huko hata mtihani wenyewe hausomwi kwa sauti, na jibu hilo ni la kweli, ila halimpunguzii mizigo. Mumewe huvaa koti lilelile usiku wa pili, wa tano na wa tisa, na hajatokea mtu wa kumwambia, "Naona umerudia." Kwa hiyo meli ya kwanza itakayochapisha kwenye kijitabu chake, kwa wino mweusi na karibu na ratiba ya chakula ili isipitwe, kwamba gauni moja linatosha safari nzima na atakayelitaja mara ya pili atakula chumbani kwake, hiyo ndiyo nitakayoipigia debe, na tai nitavaa mbili.